Nilitaka kuokoa dunia, sasa nakatwa kila mwisho wa mwezi

Shikamoo Shangazi,

Naandika kwa aibu kidogo, maana shida yangu si ya mapenzi wala ya mirathi kama za wengi wanaokuandikia. Shida yangu ni kwamba nilikusudia kuwa shujaa na nimeishia kuwa mhasibu.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nafunga shuka shingoni na kuruka kutoka ukutani, kama watoto wengine. Ila mimi nilikuwa na zaidi ya hapo. Usiku, kabla usingizi haujanichukua, nilikuwa na hadithi yangu moja ambayo kila siku naiendeleza pale ilipoishia: shule inaungua, kila mtu amekimbia, mimi narudi ndani. Natoka na mtoto mgongoni, moshi nyuma yangu, watu wamesimama wanaangalia. Wakati mwingine yalikuwa mafuriko, wakati mwingine vita. Mtoto alibadilika, janga lilibadilika, watu wa kuangalia hawakukosekana.

Sasa nina miaka 36, nina mke na mtoto. Kazini nafunga hesabu na kulinganisha taarifa za benki. Miaka michache iliyopita nilijiandikisha kuchangia shirika moja la misaada ya kibinadamu, nikaiagiza benki ikate kiasi fulani kila mwezi. Si kiasi kikubwa, lakini kikitoka nyumbani tunajua kimetoka. Mwanzoni nilifurahi. Siku hizi ujumbe wa makato unaingia kwenye simu sambamba na ule wa bili ya umeme, na Shangazi, sitakuficha, sioni tofauti kati ya huo na huu. Wahenga wamesema kutoa ni moyo. Mimi moyo sina, nina maagizo ya benki.

Halafu likitokea tetemeko mahali, naangalia wale waokoaji wenye kofia ngumu wakimtoa mtu chini ya kifusi, watu wanapiga makofi, machozi yananitoka. Ni ya huruma, ndiyo, lakini yamechanganyika na wivu.

Nimepata kampuni inayopeleka watu nje ya nchi kujitolea kwa wiki kadhaa. Unakaa kwenye kituo cha watoto yatima, na ikiwezekana wanakupeleka pia sehemu iliyopatwa na maafa. Hawadai ujuzi wowote, wanasema kinachohitajika ni moyo tu. Nimeshalipa malipo ya awali. Nimepanga kusimamisha yale makato kwa mwaka mmoja ili nimalizie gharama za safari. Nilipomwambia mke wangu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wewe hutafuti kazi ya kufanya, unatafuta watu wa kukuangalia." Hatukugombana, lakini neno hilo limenikaa kooni.

Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kutoa kwa nia iliyochafuka namna hii kuna faida yoyote, au niache kwanza mpaka nia isafike? Na nikibaki na hayo makato tu, nifanye nini na huyu mtoto aliye ndani yangu ambaye mpaka leo anasubiri shule iungue?

Wako,
Shujaa Aliyestaafu Kabla ya Kuajiriwa

*

Marahaba, mwanangu.

Jina lako limenichekesha. Barua haikunichekesha hata kidogo, nimeisoma mara mbili.

Nianze na mkeo, maana amenirahisishia kazi. Amesema kweli nusu. Isome tena hadithi yako ya usiku: mtoto alibadilika, janga lilibadilika, watazamaji hawakukosekana. Umeandika mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Ndoto ile haikwenda bila watu wa kuangalia, na haikwenda bila shule ya kuungua. Mtoto wa miaka saba hana habari kwamba ili yeye ang'ae lazima wenzake waungue. Wewe wa miaka 36 unajua, na nadhani ndiyo sababu wivu wako mbele ya kifusi umekutia aibu. Nusu ambayo mkeo hakuitaja ni hii: mtoto anayelala akiwaza kurudi ndani ya moto ameshakubali kwamba maisha ya mtu asiyemjua yana thamani sawa na yake. Kuna watu wazima wengi hawajafika hapo. Hilo lishike, watazamaji waache waende zao.

Sehemu kubwa ya kazi ya kuokoa watu hufanyika kabla shule haijaungua, na huko hakuna wa kupiga makofi. Angalia ndui. Iliua mamilioni ya watu katika karne ya 20, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imetokomezwa. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Aliipata baada ya kupanda gari lililobeba wagonjwa ili aonyeshe njia. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake, akizungumza na wazazi wenye shaka na kuwasimulia yaliyompata yeye aliyekwepa chanjo, na alikuwa angali katika kazi hiyo alipofariki kwa malaria mwaka 2013. Sasa niambie, kampeni ya ndui ilimwokoa nani? Ilikuokoa wewe, na mwanao. Waliobeba zile sindano hawakukuona, nawe huwajui hata kwa majina. Mtoto ambaye hakuugua hapigwi picha.

Unalalamika kwamba ujumbe wa makato haukugusi. Sioni kwa nini ukuguse. Hisia ni mizani mbovu sana katika mambo haya, na watu wameipima. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti juu ya watu walioombwa kuchangia wenye njaa. Waliosomewa habari za msichana mmoja walitoa zaidi ya waliopewa takwimu za mamilioni. Msichana na takwimu vilipowekwa pamoja, michango ikapungua. Na sehemu inayonifurahisha ni hii: watafiti walipowaeleza watu mapema kwamba binadamu ndivyo tulivyo, walimpunguzia msichana, na wale mamilioni hawakuongezewa chochote. Kwa hiyo hata mahubiri yangu haya huenda yakakupunguzia moyo, tuendelee tu. Maagizo yako ya benki ni uamuzi ulioufanya siku moja akili ikiwa imetulia, kwa niaba ya siku zote ambazo utakuwa umechoka, umekasirika, au umeshughulishwa na bili ya umeme. Yanafanya kazi hasa pale ambapo moyo haufanyi.

Na ile methali umeikata katikati. Mwisho wake ni "usambe ni utajiri". Ilisemwa kumziba mdomo anayedai hatoi kwa sababu si tajiri. Haikusemwa ili tumpime mtoaji mapigo ya moyo.

Yupo mtu ningependa umjue, James Harrison wa Australia. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji wa kifua na kuongezewa damu nyingi ya watu asiowajua, akaahidi kwamba akifika umri naye atatoa. Alianza mwaka 1954. Plazma yake ilionekana kuwa na kingamwili adimu inayotumika kutengeneza dawa wanayopewa wajawazito ambao damu yao haipatani na ya mtoto aliye tumboni. Basi akaendelea kwenda, hadi mwaka 2018 alipozuiwa na sheria ya umri akiwa na miaka 81. Alitoa mara 1,173. Wahusika wa huduma ya damu nchini mwake walikadiria kwamba michango yake imesaidia watoto milioni 2.4. Na alikuwa mwoga wa sindano! Kila mara aligeuza uso asiione ikiingia. Unadhani mara ya 700 alikuwa anatetemeka kwa huruma? Mimi nadhani alikuwa anawaza kama amefunga mlango wa nyumbani.

Mlinganishe na siku za mashujaa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, watu walipanga foleni ndefu kutoa damu. Majeruhi waliohitaji kuongezewa damu walikuwa wachache, na sehemu ya damu ile ikaja kutupwa baada ya muda wake kwisha. Chembe nyekundu huhifadhiwa takriban siku 42 tu. Hospitali inamhitaji mtu wa Jumanne ya kawaida, ambayo hakuna lolote lililotokea.

Umeuliza kama usubiri nia isafike. Usisubiri. Kama dini yako inakufundisha kuitakasa nia, itakase, lakini huku unatoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba hatua za kudhibiti malaria zilizuia wagonjwa milioni 663 barani Afrika kati ya mwaka 2000 na 2015, na asilimia 68 ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua vyenye dawa. Hebu fikiria nia zilizochanganyika ndani ya fedha zilizonunua vyandarua vyote hivyo. Wapo waliotoa kwa huruma, wapo waliomwogopa Mungu, wapo waliotaka jina lao lisomwe, wapo waliotafuta nafuu ya kodi. Mbu hakuuliza.

Sasa safari. Hapa nitakuwa mkali, nivumilie.

Watoto wengi wanaoishi katika vituo vya yatima duniani si yatima kwa maana unayoifikiria, wana mzazi mmoja au hata wote wawili walio hai. Mara nyingi kilichowapeleka pale ni umaskini. Wageni wenye fedha wanapopenda kuja kuwabeba, kituo kinapata sababu ya kuendelea kuwa na watoto, na familia inakosa msaada ambao ungemrudisha mtoto kwao. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka hatua zichukuliwe dhidi ya madhara ya safari za kujitolea katika vituo hivyo. Achana hata na siasa zake. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja anakuzoea, anajifunza jina lako, halafu wiki zako zinakwisha. Anakuja mwingine. Wewe utarudi na picha, na yeye atakuwa ameachwa tena.

Wanasema kinachohitajika ni moyo tu. Mwanangu, wewe ungemkabidhi mtu asiye na cheti vitabu vya hesabu vya kampuni yako kwa sababu ana moyo?

Na kwenye maafa ni vivyo hivyo, au pabaya zaidi. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, uwanja wa ndege wa Port-au-Prince ulikuwa na njia moja tu ya kurukia. Ndege zilizunguka angani bila pa kutua. Ndege ya Madaktari Wasio na Mipaka iliyobeba hospitali ya kuvimbishwa kwa hewa ilielekezwa Jamhuri ya Dominika, na mizigo ikalazimika kwenda kwa barabara, huku majeruhi wakisubiri. Kila mtu asiye na ujuzi anayefika mahali kama pale anakuja na tumbo lake, kiu yake na haja ya kulala, katika mji ambao maji na paa ndivyo vilivyoadimika. Wengi wanaotolewa hai chini ya vifusi hutolewa na majirani zao katika saa za mwanzo, kabla ndege ya kwanza kutoka nje haijatua.

Wale wenye kofia ngumu unaowaonea wivu nao hawakutoka hewani. Mbwa wao analishwa, vifaa vyao vinafanyiwa matengenezo, mazoezi yao yanalipiwa katika miezi ambayo ardhi imetulia kabisa. Kwa fedha za nani? Katika timu nyingi za mashirika, ni fedha za mtu ambaye ujumbe wa makato unamwingilia sambamba na bili ya umeme.

Kuna mfanyabiashara wa Uswisi, Henry Dunant, aliyefika karibu na Solferino, Italia, Juni 1859 akifuatilia shughuli zake, akakuta maelfu ya majeruhi wa vita wamelala bila wa kuwatazama. Alikaa siku kadhaa akiwahudumia pamoja na wenyeji, hasa wanawake wa mji wa Castiglione. Hapo alikuwa yule wa ndoto yako hasa, moshi na kila kitu. Lakini alipoandika kitabu juu ya aliyoyaona, mwaka 1862, hakuomba mashujaa zaidi. Alitaka viundwe vyama vya kujitolea vitakavyojiandaa wakati wa amani. Mwaka uliofuata kamati ya watu watano ikakutana Geneva, na ndiyo iliyozaa Msalaba Mwekundu. Yaani vikao, kumbukumbu za vikao, michango. Dunant mwenyewe alifilisika na kuishi miaka mingi katika ufukara, na kazi ikaendelea bila yeye.

Kwa hiyo usiyasimamishe makato. Fedha inayoingia kila mwezi bila masharti ndiyo inayoliwezesha shirika kuajiri watu, kuweka akiba ya dawa na mahema, na kuondoka siku ileile ya msiba. Umoja wa Mataifa una mfuko wa dharura wa namna hiyo, CERF, unaofanya kazi tangu mwaka 2006. Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu wana wao, DREF, tangu mwaka 1985. Yote inatumia akili moja, kwamba fedha iwepo kabla ya kamera. Ukitaka kulikagua shirika lako, likague kwa kazi yako: hesabu zimekaguliwa na nani, fedha zilizobaki ziko wapi, wanaosaidiwa wakiwa na malalamiko wanayapeleka kwa nani na wanajibiwa nini. Usiishie kwenye asilimia ya gharama za utawala. Unajua kuliko mimi namna asilimia hiyo inavyoweza kupambwa.

Huyo mtoto wa ndani usimfukuze, mpe kazi anayoiweza. Ajifunze huduma ya kwanza. Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu katika nchi nyingi hutoa mafunzo hayo. Moyo wa mtu mzima ukisimama, kifua kinabonyezwa katikati, kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na hakuna muda wa kungoja mtu mwenye sare. Mara nyingi moyo husimama mtu akiwa nyumbani, si barabarani mbele ya umati. Siku hiyo ikija, na Mungu apishie mbali, mtazamaji wako atakuwa mmoja tu, tena hatapiga makofi kwa sababu atakuwa kwenye simu akiita gari la wagonjwa. Damu pia, kama afya yako inaruhusu, toa kwa ratiba, bila kungoja habari mbaya.

Na kuna jambo ambalo barua yako imelipita mbio kama vile ni la aibu. Wewe ni mhasibu! Umeliandika neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa. Viko vikundi vidogo vinavyohudumia wagonjwa, wakimbizi na wazee, vinavyofanya kazi nzuri kuliko mashirika makubwa, na vinakosa fedha mwaka baada ya mwaka kwa sababu mfadhili akiomba hesabu zilizokaguliwa wanamletea boksi la risiti. Muuguzi anayeendesha kikundi kama hicho hana haja ya mtu wa kubeba mtoto mgongoni, mgongo anao. Anahitaji mtu wa kukaa naye jioni moja moja na kumwonyesha namna ya kutenganisha fedha za mradi na za matumizi ya ofisi, kuandaa taarifa, kujaza fomu za maombi. Kazi inayokuchosha wewe ndiyo inayomkosesha yeye usingizi. Tafuta kikundi kimoja, kisiwe vitano, na ukikipata usiende na mapendekezo, nenda uulize wamekwama wapi. Jiandae pia kukuta fujo. Na ukiona fujo hiyo imezidi uzembe, kuna fedha zinazotembea usiku, useme, hata kama mwenye kikundi anapendwa na kila mtu. Ushujaa wa aina hiyo hauchezwi na watoto kwa sababu hakuna anayeshangilia, na wengine watakuchukia.

Kwa mkeo, rudi umwambie nimempa nusu ya haki. Halafu kaeni pamoja mpange kiasi cha kutoa, kiwe cha nyumba nzima, kisiwe chako peke yako. Umesema nyumbani mnajua kikitoka, basi naye ana sauti.

Yale malipo ya awali: soma masharti ya kughairi leo hii, maana kampuni za namna hiyo huweka tarehe ya mwisho ya kurudishiwa fedha. Andika barua ya kughairi, tunza nakala. Wakirudisha, mnajua pa kupeleka. Wasiporudisha, iandike hasara ufunge hesabu, kazi ambayo wewe unaiweza kuliko mimi.

Shangazi